Mosul: Vita Vilivyoanzia Kwenye Daftari la Mishahara

Tarehe 1 Septemba 2025 Waziri Mkuu wa Iraq, Mohammed Shia al-Sudani, aliufungua upya Msikiti Mkuu wa al-Nuri katika Mji Mkongwe wa Mosul. Mnara wake, ambao wenyeji wanauita al-Hadba, yaani mwenye kibyongo, umesimama tena ukiwa umeinama kama ulivyoinama kwa karne nyingi, kwa kuwa wakazi wa mji hawakutaka mnara ulionyooka. Ufunguzi huo ulifanyika mwezi ule ule ambao, kwa makubaliano yaliyotangazwa na Baghdad na Washington mwaka mmoja kabla, awamu ya kwanza ya kuhitimisha kazi ya muungano wa kimataifa wa kijeshi nchini Iraq ilipaswa kukamilika, huku awamu ya pili ikipangiwa kwisha Septemba 2026. Mambo haya mawili yamesomwa kwa pamoja, na tafsiri iliyoenea ni hii: vita vya Mosul vya 2016 na 2017, vya kuutoa mji mikononi mwa Dola la Kiislamu, vilikuwa vya lazima, vilikuwa vikali, lakini raia waliumia kwa kiwango cha chini kadiri ilivyowezekana kwa sababu muungano ulitumia mabomu yanayolenga kwa usahihi, sasa mji umejengwa, wageni wanaondoka, kitabu kifungwe.

Nakubali kwamba vita vile vilikuwa vya lazima. Nisichokubali ni hicho kiwango cha chini kinachodaiwa. Hoja yangu ni kwamba idadi ya watu waliokufa Mosul haikuamuliwa na ukatili wa Dola la Kiislamu peke yake, wala na ubora wa mabomu yaliyodondoshwa. Iliamuliwa kwa sehemu kubwa na jibu la swali ambalo makamanda hawapendi kulitamka hadharani: kati ya askari anayeingia mtaani na raia aliyejifungia ndani ya nyumba yake, nani abebe hatari? Upande wa mashariki wa mji hatari hiyo ilibebwa kwa kiasi kikubwa na askari. Upande wa magharibi ilihamishiwa kwa raia. Na ilihamishwa kwa sababu Iraq haikuwa na askari wa kutosha wenye uwezo wa kuibeba, upungufu ambao haukuletwa na adui bali ulitengenezwa miaka kadhaa kabla, kwenye madaftari ya mishahara ya jeshi lake.

Ili hoja hii ieleweke ni lazima turudi nyuma hadi Juni 2014. Wapiganaji wa Dola la Kiislamu walioingia Mosul mwanzoni mwa mwezi huo wanakadiriwa kuwa hawakuzidi 2,000. Kwenye makaratasi, mji ule ulikuwa ukilindwa na makumi ya maelfu ya wanajeshi na polisi. Kufikia tarehe 10 Juni mji wa pili kwa ukubwa nchini ulikuwa umeanguka, magari ya kivita yaliyotolewa na Marekani yameachwa barabarani funguo zikining'inia, na sare za jeshi zimetupwa kandokando ya njia. Tarehe 29 Juni kundi hilo likajitangazia ukhalifa, na siku tano baadaye Abu Bakr al-Baghdadi akapanda mimbari ya msikiti huo huo wa al-Nuri. Dunia ilishangaa jeshi limekwenda wapi. Jibu lilikuja mwishoni mwa Novemba mwaka ule, pale Waziri Mkuu mpya, Haider al-Abadi, alipoliambia bunge kwamba uchunguzi wa awali umekuta askari hewa 50,000 kwenye orodha ya malipo. Wairaki wana jina lao kwa watu hawa: fadhaiyin, watu wa anga. Baadhi hawakuwahi kuwepo kabisa. Wengine walikuwepo, lakini walikuwa na maelewano na maofisa wao: ofisa anachukua sehemu ya mshahara, askari anabaki nyumbani akiendesha teksi au kuuza duka, na jina linaendelea kuitikiwa kwenye orodha. Msomaji wa Tanzania, ambaye alizisikia takwimu za watumishi hewa zikitangazwa karibu kila wiki mwaka 2016, hahitaji maelezo marefu kuhusu mchezo huu. Tofauti ni kwamba mwalimu hewa anaacha darasa tupu, ilhali askari hewa anaacha lango la mji wazi.

Mwaka 2015 kamati ya bunge la Iraq iliwataja Waziri Mkuu wa zamani Nouri al-Maliki na viongozi wengine zaidi ya 30 kuwa na dhima ya kuanguka kwa Mosul. Ripoti ilisomwa, magazeti yakaandika, na mambo yakaishia hapo kwa wengi wao. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa wachambuzi wengi wanaoanza kuhesabu vita vya Mosul kuanzia Oktoba 2016 wanaikosa sababu ya karibu kila uamuzi mgumu uliofuata. Serikali iliyopaswa kuukomboa mji ilikuwa na jeshi lililovunjika moyo, polisi wa shirikisho waliokuwa wakijengwa upya huku wakipigana, wanamgambo wa Hashd al-Shaabi, wengi wao Washia, ambao wakazi wengi wa Mosul, wakiwa Wasunni, waliwaogopa, wapiganaji wa Kikurdi wa Peshmerga ambao hawakutakiwa kuingia katikati ya mji, na kikosi kimoja tu kilichoaminika kweli: Kikosi cha Kupambana na Ugaidi, kilichoundwa kwa msaada wa Wamarekani baada ya 2003 na kujulikana mitaani kama Kikosi cha Dhahabu. Kikosi hicho kilikuwa kimefundishwa kuvamia nyumba moja usiku, kumkamata mtu mmoja na kuondoka. Sasa kikatakiwa kuukomboa mji, mtaa kwa mtaa, mchana kweupe.

Operesheni ilitangazwa usiku wa kuamkia tarehe 17 Oktoba 2016. Vikosi vyote vya upande wa serikali pamoja na washirika wake vilikadiriwa kufikia watu 100,000, wakisaidiwa kutoka angani na kwa mizinga na muungano ulioongozwa na Marekani, ukiwa na Uingereza, Ufaransa, Australia na wengine ndani yake. Ndani ya mji walikadiriwa kuwepo wapiganaji kati ya 3,000 na 5,000. Mtu akiziona namba hizi anaweza kudhani kwamba kazi ingekwisha katika wiki chache, lakini vita vya mjini havihesabiwi hivyo. Kati ya hao 100,000, waliokuwa mstari wa mbele siku yoyote walikuwa wachache mno, na waliokuwa mbele ya mbele, wale wanaogonga mlango wa kwanza wa mtaa mpya, walikuwa karibu siku zote wa kikosi kile kile kimoja.

Mto Tigris unaugawa Mosul pande mbili, na mgawanyo huo umetuachia ushahidi ambao ni nadra kupatikana vitani: mji mmoja, adui mmoja, silaha zile zile, miezi michache tu ya tofauti, lakini matokeo mawili yasiyofanana. Mashariki ya mto ni upande mpya zaidi, wenye barabara pana na nyumba zilizoachana. Kikosi cha Kupambana na Ugaidi kiliingia huko mwanzoni mwa Novemba 2016. Dola la Kiislamu lilikuwa limejiandaa kwa zaidi ya miaka miwili. Lilitoboa kuta za nyumba zinazopakana ili wapiganaji watembee kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho bila kuonekana na ndege. Lilikuwa na karakana zilizotengeneza makombora kwa vipimo sanifu kama kiwanda. Lilirusha droni ndogo za dukani zikidondosha maguruneti. Na lilikuwa na silaha iliyotisha kuliko zote, magari yaliyojazwa milipuko na kufunikwa mabamba ya chuma, yanayofichwa gereji hadi msafara wa askari unapokuwa hatua chache tu kutoka kwenye kona.

Askari wa kikosi hicho walipigana upande wa mashariki wakiwa na watu ndani ya nyumba, na kwa wiki za mwanzo walikuwa na masharti makali kuhusu kuomba mabomu. Walipoteza watu wengi. Nyaraka za bajeti za Wizara ya Ulinzi ya Marekani zilizotoka mwaka 2017 zilikiri kwamba hasara ya kikosi hicho katika vita vya Mosul ilifikia asilimia 40. Katikati ya Desemba mapigano yalisimama kwa wiki mbili hivi ili vikosi vipumue na kujazwa upya, kisha yakaendelea, na tarehe 24 Januari 2017 upande wa mashariki ukatangazwa kuwa umekombolewa. Raia walikufa, na wengi. Nisingependa mtu asome kwamba mashariki kulikuwa salama. Hata hivyo mitaa ilibaki mitaa. Baada ya wiki chache masoko yalikuwa yamefunguliwa na watoto wamerudi katika baadhi ya shule, wakati ng'ambo ya mto, ambako Umoja wa Mataifa ulikadiria watu 750,000 bado wamenasa, mizinga ilikuwa inasogezwa.

Huku magharibi ndiko ulikotakiwa uamuzi. Kikosi bora kilikuwa kimekatika karibu nusu. Waliobaki kuongezwa kwa wingi walikuwa Polisi wa Shirikisho na Kitengo cha Dharura cha Wizara ya Mambo ya Ndani, watu mashujaa kwa kiasi chao lakini wasio na mafunzo yale wala mawasiliano yale, na waliozoea kutanguliza mizinga. Mji Mkongwe wenyewe ni vichochoro ambavyo katika sehemu nyingine watu wawili hawapishani bila kugusana mabega, hivyo gari la kivita halipiti. Wakati huo huo, mwishoni mwa 2016, utaratibu wa kuidhinisha mashambulizi ulikuwa umelegezwa ili makamanda wa ngazi ya chini, walio karibu na mapigano, waweze kuamua haraka bila kusubiri kibali cha juu. Jenerali Stephen Townsend, aliyeuongoza muungano wakati huo na ambaye baadaye aliongoza Kamandi ya Marekani ya Afrika, aliitetea hatua ile kwa sababu ambazo askari yeyote atazielewa: rafiki yako anapigwa risasi sasa hivi, na ofisi iliyoko nchi nyingine haiwezi kukuambia subiri dakika arobaini. Nazielewa. Lakini tuite jambo kwa jina lake. Dakika zile alizopunguziwa askari wa mstari wa mbele zilikuwa ndizo dakika za mtu kuuliza, je, nyumba ile ina nani?

Tazama kilichotokea tarehe 17 Machi 2017 katika mtaa wa al-Jadida. Kulikuwa na nyumba imara ya ghorofa, imara kuliko za jirani, na kwa sababu hiyo watu waliofukuzwa na Dola la Kiislamu kutoka kwenye nyumba zao walikuwa wamekimbilia humo wakajibanza ghorofa ya chini. Wadunguzi wawili walipanda juu na kuanza kuwafyatulia risasi askari wa Iraq waliokuwa wakisonga mbele. Askari wakaomba msaada wa angani. Hali ya hewa ilikuwa mbaya kwa siku kama mbili, mawingu yamefunga, na ndege za upelelezi hazikuwa zimeweza kutazama watu wakiingia na kutoka katika nyumba ile. Likadondoshwa bomu moja la kulenga, la ratili 500, ambalo ni kama kilo 227. Lilifika pale pale lilipotumwa. Uchunguzi wa jeshi la Marekani, uliotolewa Mei mwaka ule, ulisema kwamba milipuko iliyokuwa imehifadhiwa ndani na wapiganaji ililipuka pamoja na bomu na nyumba ikaanguka yote. Baadhi ya wakazi walilikataa dai hilo la milipuko. Lisilobishaniwa ni hesabu ya uchunguzi wenyewe: watu 101 ndani ya nyumba, na wengine wanne katika nyumba ya jirani. Watu 105 kwa wadunguzi wawili.

Naitumia nyumba hii kwa sababu ndiyo inayoivunja hoja iliyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ile inayosema kwamba silaha za kisasa zimeifanya vita ya mjini iwe na huruma. Bomu lile halikukosea. Usahihi wa bomu unahusu mahali litakapoangukia. Hauna habari na aliyelala chini ya sakafu. Ili usahihi huo uwe na manufaa kwa raia, ni lazima kuwe na mtu aliyeiangalia nyumba kwa muda wa kutosha, na njia nyingine ya kumwondoa mdunguzi ikiwa jibu ni kwamba mna watu ndani: kuzunguka, kufunika kwa moshi, kusubiri usiku, kuachana na nyumba ile na kupita mtaa wa pili. Kila moja ya njia hizo inahitaji askari aliyefunzwa, na kila moja inamweka askari huyo hatarini zaidi. Asipokuwepo, bomu sahihi na bomu la kubahatisha hukaribiana matokeo kuliko tunavyopenda kuamini. Wala si mabomu sahihi pekee yaliyotumika magharibi. Vikosi vya Iraq vilirusha pia makombora ya kujiundia, yasiyoweza kulenga kitu kidogo kuliko mtaa mzima, katika eneo ambalo mwezi Juni lilikadiriwa kuwa bado na raia 100,000 waliobanwa kwenye kilomita chache za mraba.

Hoja nyingine inayorudiwa ni kwamba raia walikwisha kuonywa, na waliobaki walichagua kubaki. Hii haihitaji maneno mengi. Vipeperushi vilivyodondoshwa na serikali ya Iraq mwanzoni mwa operesheni viliwaambia wakazi wa Mosul wasitoke majumbani mwao. Sababu ilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa kambi za wakimbizi hazikuwa tayari kupokea watu milioni moja kwa mkupuo na serikali iliogopa msongamano barabarani. Dola la Kiislamu kwa upande wake lilikuwa likiwapiga risasi waliojaribu kutoroka na kuning'iniza miili yao kwenye nguzo za umeme ili wengine waone. Mtu aliyeambiwa na serikali yake abaki, na kutishiwa na mtesi wake kwamba akitoka atauawa, hakuchagua.

Lakini ipo hoja nzito upande wa watetezi wa operesheni, na ningekuwa natenda dhuluma kuipita haraka. Wanauliza: mlitaka nini kifanyike? Mji uliokuwa ukitawaliwa na watu waliouza wanawake wa Kiyazidi sokoni, waliowatupa watu kutoka juu ya majengo na kuwafundisha watoto wa miaka kumi kuchinja, ungeachwa mwaka mwingine ili vikosi vifundishwe vizuri? Kila mwezi wa kusubiri ulikuwa na maiti zake. Kuuzingira mji bila kuushambulia kungewaua kwa njaa walio dhaifu kwanza, na wapiganaji wangekuwa wa mwisho kukosa chakula. Tena, wanasema, theluthi moja ya raia waliokufa waliuawa moja kwa moja na Dola la Kiislamu, na hata wale waliokufa kwa mabomu ya muungano walikuwa pale kwa sababu kundi hilo liliwageuza ngao. Haya yote ni kweli. Dhima ya kwanza na kubwa zaidi ni ya aliyejificha nyuma ya mama na watoto, na anayejaribu kuzilinganisha pande mbili kana kwamba zilikuwa na nia moja hasaidii ukweli wala marehemu. Katika miezi ile ile ambamo muungano ulikosea, madaktari chini ya uratibu wa Shirika la Afya Duniani walikuwa wamepanga vituo vya kuzuia damu kilomita chache tu kutoka mstari wa mbele, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa kiwango kile, na askari wa Iraq walipigwa picha wakiwabeba wazee mgongoni chini ya risasi.

Hata hivyo, dhima ya adui haifuti uamuzi wako. Na watetezi wanapozifanya njia ziwe mbili tu, kuuacha mji au kuushambulia kama ulivyoshambuliwa, wanayafunika maamuzi kadhaa yaliyokuwa katikati. Moja ni lile la kuuziba upande wa magharibi. Mpango uliozungumzwa mwanzoni ulikuwa wa kiatu cha farasi, kuuzunguka mji pande tatu na kuacha njia ya kuelekea Syria ambayo wapiganaji wangeitumia kukimbia na kupigwa jangwani. Hashd al-Shaabi, wakiwa na sababu zao na za Iran, walisonga kuelekea Tal Afar, mji ulio magharibi mwa Mosul, na mwezi Novemba njia ikakatika. Kuna sababu nzuri ya kutotaka wapiganaji wahamie Syria, na Wasyria wana haki ya kuuliza kwa nini tatizo lipelekwe kwao. Lakini wahenga wetu wa vita vya zamani walijua kwamba adui asiye na mlango wa kutokea hupigana hadi ukuta wa mwisho, na huko Mosul ukuta wa mwisho ulikuwa wa nyumba ya mtu. Raqqa, ngome ya kundi hilo huko Syria, miezi michache baadaye iliishia kwa makubaliano ya kuwaondoa wapiganaji kwa malori na mabasi mwezi Oktoba 2017, baada ya mji kuwa tayari umebomolewa. Kama maelewano ya namna hiyo yaliwezekana mwishoni, ni halali kuuliza kwa nini hayakufikiriwa mwanzoni.

Fallujah nayo ina la kutufundisha, ingawa huwa inatajwa kwa makosa. Novemba 2004 majeshi ya Marekani, Uingereza na serikali ya mpito ya Iraq yaliuvamia mji ule katika mapigano makali kuliko yote ambayo Wamarekani walikuwa wameyaona katika vita vya Iraq. Wakazi wengi mno walikuwa wameshaondoka kabla, na hilo liliokoa maelfu. Watu hulinganisha idadi ya vifo vya raia vya Fallujah na vya Mosul na kudhani tofauti ni ukubwa wa mji. Tofauti ni kwamba Fallujah watu walitoka. Na la pili, ambalo halitajwi kabisa: mji huo uliokombolewa kwa gharama kubwa mwaka 2004 ulikuwa wa kwanza kuangukia mikononi mwa Dola la Kiislamu mwezi Januari 2014, miezi mitano kabla ya Mosul, kwa sababu kilichobomolewa kilikuwa ngome za wapiganaji na si mambo yaliyowazalisha.

Mosul ilitangazwa kuwa huru tarehe 10 Julai 2017. Nakumbuka jioni ile tulivyokuwa tukitazama taarifa ya habari kwenye kibaraza, askari wakicheza na bendera juu ya vifusi, na mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza wenye nyumba zile wako wapi. Sehemu ya jibu ilikuja Desemba mwaka ule, pale uchunguzi wa shirika la habari la AP, uliopitia orodha za vyumba vya maiti na taarifa za mashirika, ulipokadiria kwamba raia kati ya 9,000 na 11,000 walikufa, na kwamba angalau 3,200 kati yao waliuawa na mashambulizi ya anga, mizinga na makombora ya vikosi vya Iraq na muungano. Wakati huo muungano ulikuwa umekiri vifo 326. Kati ya 326 na 3,200 pana familia ambazo kwa kumbukumbu rasmi hazikupoteza mtu. Katika Mji Mkongwe zaidi ya majengo 5,000 ya makazi yalibomoka au kuharibika vibaya, na mji mzima uliachiwa vifusi vinavyokadiriwa kufikia tani milioni 8, vikiwa vimechanganyika na mabomu yasiyolipuka na miili ya watu. Kule al-Nuri kwenyewe, msikiti ambao Dola la Kiislamu lililipua tarehe 21 Juni 2017 lilipoona askari wamekaribia, mwaka 2024 mafundi waliokuwa wakikarabati ukuta wa ukumbi wa swala walikuta mabomu matano makubwa yamefichwa ndani ya ukuta. Ilikuwa miaka saba baada ya ushindi, na kwa muda wote huo watu walikuwa wakifanya kazi kando yake.

Kwa hiyo ninapouona mnara wa al-Hadba umesimama nafurahi kwa dhati, na kazi ya UNESCO na fedha za Umoja wa Falme za Kiarabu na Umoja wa Ulaya zilizoiwezesha zinastahili shukrani. Kosa ni kuugeuza mnara kuwa risiti ya deni lililolipwa. Iraq ilipokwenda Kuwait Februari 2018 kuomba wafadhili, ilisema inahitaji dola bilioni 88 kwa ujenzi wa nchi. Ilirudi na ahadi za bilioni 30, nyingi zikiwa mikopo na dhamana. Sheria Namba 20 ya mwaka 2009 inawapa Wairaki haki ya fidia kwa madhara ya operesheni za kijeshi na ugaidi, lakini mwenye nyumba aliyezungushwa kwa miaka kutoka dirisha moja hadi jingine akidaiwa hati, ambazo ziliungua pamoja na nyumba, anajua umbali uliopo kati ya sheria na hundi.

Jambo hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa njia ya moja kwa moja kuliko tunavyodhani. Wanajeshi wa Uganda na Burundi walipigana Mogadishu mtaa kwa mtaa chini ya bendera ya Umoja wa Afrika hadi al-Shabaab walipoondoka katikati ya mji Agosti 2011, na katika miaka hiyo makombora yaliyoangukia soko la Bakara yalizua chuki ambayo adui aliitumia vizuri. Ilibidi kikosi kile kitunge sera ya kuzuia mizinga kurushwa kuelekea maeneo ya watu, na baadaye Baraza la Usalama likataka kianzishwe kitengo cha kuhesabu na kuchunguza raia wanaoumizwa. Lilikuwa wazo sahihi lililokuja kwa kuchelewa na kwa fedha kidogo. Januari 2025 Goma, mashariki mwa Kongo, ilipotekwa na waasi wa M23, wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walikuwa huko chini ya bendera ya SADC, na baadhi yao hawakurudi hai. Yeyote anayezungumza kuhusu kuirudisha Goma kwa nguvu, mji wenye watu zaidi ya milioni moja uliobanwa kati ya ziwa na volkano, anapaswa kueleza kabla ya risasi ya kwanza watu watatokea wapi, nani atawahesabu waliokufa, na jeshi litakaloingia lina askari wangapi wanaoonekana kwa macho na si kwa karatasi, kwa maana orodha za mishahara za jeshi la Kongo nazo zimekuwa na majina ya askari hewa kwa miaka mingi.

Swali hilo la mwisho ndilo ninalolitazama Iraq kuelekea Septemba 2026. Muungano ukishahitimisha kazi yake, ndege za upelelezi na wataalamu waliokuwa wakiyaziba mapengo ya jeshi la nchi hiyo hawatakuwepo kwa kiwango kile, na kila pengo litabaki wazi jinsi lilivyo. Kikosi cha Kupambana na Ugaidi kilijazwa upya, lakini vijana waliojazwa si wale waliouchukua upande wa mashariki nyumba kwa nyumba. Hashd al-Shaabi sasa wanalipwa na serikali, na orodha yao ya malipo imekua kufikia zaidi ya watu laki mbili. Hakuna kamati ya bunge iliyowahi kuihakiki orodha hiyo hadharani, jina kwa jina, mbele ya watu wa Mosul.